Zamu ya Alasiri

Jumatano tarehe saba Oktoba, saa saba na robo mchana, mvua nyembamba ikinyesha bila upepo na bila haraka, mkaapweke wa kilimani aliingia ndani na maua meupe mkononi, akakuta shubaka la Bikira Maria liko tupu.

Aliyaweka maua mezani. Alitazama nyuma ya altare, kisha chini ya kitanda, ingawa sanamu ile ilimfika kiunoni na kitanda kilikuwa kifupi mno kuweza kuficha kitu cha namna hiyo. Mlango, ambao aliurudishia alipokwenda bustanini, ulikuwa wazi, na juu ya sakafu ya saruji palikuwa na nyayo ndogo za vumbi jeupe la plasta, zikitoka shubakani kuelekea nje. Zilikuwa nyayo za mtu anayejua aendako. Mkaapweke alichukua kitambaa akazifuta, kwa kuwa hakuvumilia uchafu, kisha akapiga magoti mahali pake pa kila siku na kuanza rozari. Kanuni yake ya maisha ilisema kwamba saa hiyo rozari itasaliwa mbele ya shubaka la Bikira. Haikusema kwamba ni lazima Bikira awemo.

Bikira alirudi jioni, muda mfupi kabla ya kengele ya Malaika wa Bwana. Alijipangusa miguu kwenye gunia la mlangoni, wa kulia kisha wa kushoto, akapita. Pindo la kanzu yake lilikuwa limelowa, na mikono ya kanzu, ambayo kiwandani iliundwa ikiwa imefika kwenye vifundo, ilikuwa imekunjwa hadi viwikoni. Alinukia sabuni ya kufulia. Alipanda shubakani, akaikunjua mikono ya kanzu, akaunganisha viganja, akainamisha kichwa upande wa kushoto kama alivyotengenezwa, akatulia. Mkaapweke alimfuta tope pindoni. Kazi hiyo ilimchelewesha, na kengele ya jioni ikapigwa nje ya saa yake kwa mara ya kwanza tangu ahamie kilimani. Jambo hilo ndilo lililomkosesha raha.

Alikuwa mtu wa saa. Kabla ya kuingia upwekeni alikuwa mwalimu wa nidhamu katika shule ya bweni, na kabla ya hapo alikuwa kiranja katika shule hiyohiyo, na kwa kweli hakuwahi kuishi mahali pasipo na kengele. Hapa kilimani aliipiga mwenyewe, asubuhi, adhuhuri na jioni. Chumba chake kilikuwa kimoja, cha mawe, chenye paa la bati. Meza ilikuwa na koleo, waya na mabakuli ya mbegu ngumu alizozitoboa na kuzitunga kuwa rozari, maana mkaapweke hula kwa kazi ya mikono yake. Nje palikuwa na bustani ya mboga na maua ya altare. Upande wa bustani unaotazama mji alikuwa ameotesha ua wa miti iliyoshikana, mrefu kumpita mtu, ili mapaa ya mjini yasimvurugie tafakari. Miongoni mwa mapaa hayo lilikuwamo la kwao.

Siku iliyofuata, kengele ya adhuhuri ilipomaliza mlio wake, Bikira aliteremka tena. Na siku ya pili yake tena. Mkaapweke alihamishia maua asubuhi, ili yapate kuonwa, na akalipokea jambo lile kama heshima. Alijiambia kwamba Mama wa Mungu anakwenda kuuombea ulimwengu, na kwamba kati ya nyumba zote amechagua kutokea nyumbani kwake. Hakumuuliza. Hapakuwa na sababu ya kumuuliza mtu anayerudi kwa wakati.

Aliyemwambia ukweli ni katekista, mtu mnene, mcheshi, aliyepanda kilima kila Alhamisi na mkate, chumvi na mafuta ya taa, akashuka na rozari za kuuzwa parokiani.

"Bruda, kilima hiki nakiamkia kila wiki na hakijaitikia hata siku moja," alisema akijitupa juu ya benchi. "Mama keshaondoka?"

"Ameondoka."

"Nimepishana naye pale gereji. Mafundi wamempisha. Mmoja akamwambia, Mama, angalia utelezi. Kaitikia kwa kichwa, huyoo, anakata mitaa."

"Anakwenda wapi?"

Katekista aliacha kujipepea. "Kumbe hujui. Anakwenda kwenu."

"Kwetu ni hapa."

"Kwenu kwa mama yako mzazi, Bruda. Anaingia kwa mlango wa uani kama mtu wa nyumbani. Anamwosha, anamgeuza, anabadilisha shuka, anazifua, anazianika. Halafu anamlisha supu. Siku ya kwanza dada yako alimuuliza jina, akanyamaza. Basi akampa aproni. Inaburuzika kidogo, lakini haikanyagi."

"Na dada yangu anasemaje?"

"Anasema Mungu amzidishie. Unajua bibi haiti kwa mdomo siku hizi, anagonga kijiko kwenye kikombe. Zamani kijiko kikilia, dada yako anaacha cherehani, anakwenda, akikaa, kinalia, anakwenda. Siku hizi mchana kikilia anainuka Mama, yeye anaendelea kushona. Kapokea kazi ya sare za shule nzima. Hata mwili umeanza kumrudia."

Mkaapweke aliokota mbegu moja, akaitazama kama ina tundu. "Na mama yangu?"

"Bibi kachanganyikiwa, si unajua. Huyo Mama wa shubakani ndiye anamwita mwanangu."

Inafaa ielezwe hapa jinsi mambo yalivyokuwa.

Mama yao alikuwa dobi katika hospitali ya masista. Ujana wake wote alifua shuka walizozalia wanawake na shuka walizofia wagonjwa, na watoto wake wawili aliwalea kwa zamu. Wiki hii binti anachota maji na kijana anaosha vyombo. Wiki ijayo wanabadilishana. Hakuna aliyesamehewa. Aliyeshikwa na homa alishikiwa zamu yake na mwenzake, na alipopona aliilipa. Kijana alipokwenda bweni alikuta sheria ileile imeandikwa ubaoni, akaipenda, akakabidhiwa kuisimamia. Alirudi likizo na filimbi shingoni, na tangu siku hiyo dada yake akamwita Kiranja.

Mama alipostaafu, masista walimpa sanamu ya Bikira iliyokaa miaka mingi ukumbini mwa wodi ya wazazi. Aliiweka karibu na kitanda. Kisha kiharusi kikamchukua miguu, na ndugu wawili wakaketi jikoni kupanga. Dada angeanza kumuuguza, kwa kuwa yeye Kiranja alikuwa na mkataba wa kumalizia shuleni. Mkataba ukiisha angekuja kupokea, na dada angekwenda mji mwingine kuolewa na fundi wa matrekta aliyekubali kumngoja. "Tutapokezana," Kiranja alisema, kwa sauti ya mtu anayejua zamu ni nini.

Mkataba ulipokaribia kuisha alikwenda mafungo ya kiroho, na huko akasikia wito. Haitakuwa haki kusema hakuusikia. Aliusikia vizuri. Alipita nyumbani mara moja tu kuaga, na alipokuwa anatoka mama yake alimwonyesha sanamu kwa kidevu, akamwambia, "Mchukue, mwanangu, usije ukakaa peke yako." Aliibeba kwapani, ilikuwa nyepesi kama sanduku tupu. Mlangoni dada yake alimuuliza jambo moja tu.

"Na zamu?"

"Nitamrudisha huyu siku nitakayokuja kuishika."

Mwaka wa kwanza fundi wa matrekta alituma ujumbe kwamba amengoja vya kutosha, na dada akapanda kilima. Mkaapweke alizungumza naye kupitia kidirisha, kwa upole, akamweleza kifungu cha nne cha kanuni yake, kinachosema kwamba mkaapweke hatateremka mjini kwa ajili ya jamaa. Kisha akampa rozari. Dada aliipokea, akashuka, hakupanda tena.

Mtu angedhani kwamba, baada ya maneno ya katekista, mkaapweke aliona haya. Alichoona kwanza ni wivu. Saa za alasiri zilikuwa ndizo kiini cha maisha yake. Kwake Bikira alikuwa mama, rafiki na mlinzi. Alimweleza majaribu yake, alimsifu kwa majina yake yote ya zamani, na mara mbili au tatu katika miaka ile aliona kabisa kwamba anasikilizwa. Sasa alipiga magoti mbele ya ukuta wenye tundu, na aliyesikilizwa ni mwanamke aliyegonga kijiko. Jioni, Bikira alipokwisha kutulia mahali pake, alimweleza jambo hilo kwa adabu. Ngozi ya mikono ya Bikira, yaani rangi iliyokuwa juu ya plasta, ilikuwa imeanza kupasuka kwa sababu ya magadi ya kufulia.

Mwezi Novemba ulipokaribia kwisha, katekista alileta habari kwamba Askofu angepanda kilimani tarehe nane Desemba, sikukuu ya Bikira Mkingiwa Dhambi ya Asili, saa tisa alasiri, kupokea nadhiri zake za daima na kulibariki shubaka.

"Saa tisa," mkaapweke alirudia. "Saa hiyo yeye huwa hayupo."

"Ndiyo, hayupo, na siku hiyo Mungu amsaidie awahi," katekista alisema, akipanga rozari mkobani. "Dada yako anakwenda kukabidhi zile sare. Shule iko mbali, hatarudi mpaka jioni. Kaniambia, katekista, siku hiyo sina wasiwasi, Mama yupo zamu."

Mkaapweke alisikia. Katekista alikuwa na sauti kubwa, na chumba kilikuwa kidogo. Alifikiri kumwagiza katekista amwambie dada atafute jirani wa kukaa na mama kwa siku hiyo moja. Lakini kuagiza hivyo kungekuwa kukiri kwamba anajua ni zamu ya nani iliyokuwa inashikwa kila alasiri, na ni nani angepaswa kuishika. Alimsindikiza katekista mpaka kwenye kona ya ua, akamshukuru kwa mkate, akarudi ndani.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua kali. Alifagia, alitandika kitambaa cheupe altareni, akapanga mabenchi yaliyopandishwa kutoka parokiani. Alipiga kengele ya adhuhuri, akasali Malaika wa Bwana kwa ukamilifu, kisha akaufunga mlango kwa kufuli na kutia ufunguo mfukoni.

Bikira alikuwa amekwisha kuteremka na kukunja mikono ya kanzu. Alifika mlangoni, akausukuma.

"Leo nakuomba ubaki," mkaapweke alimwambia. "Ni sikukuu yako. Ni siku moja tu."

Bikira aliusukuma mlango tena. Kisha alibisha, kwa vifundo vya vidole, bila ghadhabu, kama abishavyo mtu aliyeko nje. Mkaapweke alimshika kiuno ili amrudishe shubakani. Sanamu aliyoibeba kwapani miaka ile haikuinuka hata kidogo. Ilikuwa na uzito wa mtu aliyekataa kuondoka. Akamwacha. Akaenda kukata tambi za mishumaa.

Kitambo kidogo baadaye akasikia kijiko. Kutoka mjini hata honi za malori hazikufika kilimani, lakini kijiko kilifika, sauti ndogo, kavu, ya bati juu ya kauri. Kiligonga, kikatulia kama kinachomngoja mtu amalize analofanya, kikagonga tena. Aliijua namna ile ya kugonga. Ndivyo mama yake alivyogonga sufuria kuwaamsha, zamani, asubuhi za zamu. Mishumaa ilikuwa kumi na miwili. Aliisimamisha yote, akaona mmoja umeinama, akaunyoosha. Kijiko kiliendelea. Alikunja leso yake, akaikunjua. Bikira alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye ubao wa mlango.

Halafu kijiko kilinyamaza, na mkaapweke alishusha pumzi, na kwa muda mfupi kabisa akafurahi.

Askofu alipofika, mkaapweke aliondoa kufuli na kufungua mlango wazi. Bikira hakutoka. Alisimama palepale, akitazama njia, mgongo wake kwa altare, na wageni wakawa wanamzunguka mmoja mmoja ili wapate kuingia. Maji yalikuwa yanatona kutoka kwenye vidole vyake. Katibu wa Askofu alikanyaga dimbwi lile, akaomba gunia, akapewa.

"Anatazama wapi?" Askofu aliuliza.

"Mlangoni, Baba Askofu."

"Ana mgeni?"

"Hapana, Baba Askofu."

Askofu alimbariki mgongoni. Alilibariki shubaka tupu, kwa kuwa sala ya kulibariki shubaka ilikuwamo kitabuni. Kisha mkaapweke alipiga magoti, akaweka mikono yake ndani ya mikono ya Askofu, na kwa sauti iliyofika mpaka benchi la nyuma aliahidi useja, ufukara na utii hadi kufa, chini ya ulinzi wa Mama asiyemwacha mtoto wake yeyote. Maneno hayo ya mwisho aliyaongeza mwenyewe. Wanawake wa parokia walijifuta machozi.

Walikuwa wanakunywa chai nje, kivulini mwa ule ua, katekista alipotokea njiani. Hakuwa na mzaha safari hii.

"Bruda, mama ameanguka. Ameita, ameita, kaona kimya, akataka kushuka mwenyewe. Nyonga imevunjika. Dada yako amemkuta sakafuni, amejilowesha, na kikombe mkononi."

Kabla hajamaliza, Bikira alikuwa ameshapita katikati ya wageni na kushika njia, akitembea upesi, pindo amelishika kwa mkono mmoja. Watu walivuta miguu yao kumpisha.

"Nenda," Askofu alimwambia mkaapweke.

"Kanuni yangu hainiruhusu, Baba Askofu. Kifungu cha nne."

"Kifungu hicho kiliandikwa na nani?"

"Na mimi."

Ni kweli kwamba mkaapweke hujiandikia mwenyewe kanuni ya maisha, naye Askofu huipitisha. Askofu aliweka kikombe juu ya benchi. "Mimi nilitia sahihi nikidhani huna jamaa anayekuhitaji. Hata hivyo ungeniomba ruhusa siku yoyote, ningekupa. Ungemtuma huyu katekista tu. Mbona hukuomba?"

Mkaapweke alitafuta jibu la kweli, akalipata. "Nilichelea utanipa."

Askofu akachukua kikombe chake. Chai ilikuwa haijapoa.

Mkaapweke aliteremka. Hakuwa amekanyaga mitaa ile kwa miaka, na mitaa haikumshangaa. Kwenye gereji fundi mmoja alimwambia Mama keshapita zamani. Alifika nyumbani, akaingia kwa mlango wa uani, akavua viatu bila kuambiwa. Kwenye kamba zilining'inia shuka ambazo hazikuanuliwa tangu jana, zimekauka kama mbao.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, Kiranja. Pita."

Dada alikuwa amezeeka upande mmoja, ule wa bega analoegemezea mgonjwa. Muuguzi wa zahanati alikuwa amekwisha kuja na kuondoka. Alisema kwa umri ule mfupa hautaunga, na kwamba mama hataketi tena. Angalau zamani aliketi, akatazama dirishani. Sasa alilala chali katika kitanda cha chuma, mdogo kuliko alivyokumbukwa, juu ya shuka iliyokunjwa pembeni kwa mkunjo wa hospitali. Bikira alikuwa kando yake na besheni, aproni imefungwa.

"Nilifunga mlango," mkaapweke alisema.

"Najua. Vidole vyake vimemeguka. Mtu habishi namna hiyo kwenye mlango ulio wazi."

"Nilidhani ni siku moja tu."

"Na ilikuwa siku moja tu," dada yake alisema.

Mama aligeuza macho. "Mwanangu," alimwambia Bikira, "huyu ni nani?"

"Ni mtoto wako, mama," dada alijibu. "Ni Kiranja. Amekuja."

Mama alimkagua mgeni, kutoka kwenye kanzu yake ya kitawa hadi miguu mitupu. "Ni fundi wa paa," aliamua. "Mwonyesheni panapovuja. Na msimlipe kabla hajamaliza."

Mkaapweke alitazama juu. Ni kweli palivuja. Palikuwa na doa la kahawia dari nzima. Alikunja mikono ya kanzu yake hadi viwikoni, akamwendea mama. "Nipe mimi," alimwambia Bikira, akachukua kitambaa. Alimshika mama bega na paja ili amgeuze, kama alivyoona wengine wakifanya zamani. Lakini mtu aliyevunjika nyonga hashikwi hivyo, na mama alipiga ukelele mmoja, mwembamba, wa mtoto. Kitambaa kilianguka. Bikira alimshika mkaapweke kifundo cha mkono. Kwa miaka yote ya sala alikuwa ametamani kuguswa na mkono ule. Ulikuwa wa baridi, wenye kukwaruza kama tofali, na ulimwondoa pale kitandani kwa nguvu za kutosha, si zaidi. Kisha Bikira aliingiza mikono yake miwili chini ya shuka, akaivuta shuka pamoja na mgonjwa, na mama akageuka bila kulia.

"Ahsante, mwanangu," mama alisema. "Huyo fundi mpeni chai, aende."

Dada alimtoa ndugu yake jikoni. Walisimama pande mbili za meza ileile waliyopangia zamu.

"Nimekuja kushika zamu," alisema. "Askofu ameniruhusu. Nitashinda hapa kila siku, au nitahamia. Nitajifunza."

"Zamu." Dada alikunja kitambaa cha vyombo mara mbili, akakiweka. "Wewe unakumbuka mimi nilikuwa niende wapi, zamu yako ikifika?"

"Nakumbuka."

"Basi yule fundi wa matrekta alioa. Alihamia hapa hapa mjini, tangu mwaka juzi. Wanawe wako katika ile shule. Leo nimempelekea mkewe sare zao mkononi, tatu, na ya mdogo nimeiachia pindo refu kwa sababu anakua haraka. Nikarudi nikamkuta mama sakafuni."

Nyuma ya ukuta maji yalisikika yakikamuliwa kutoka kwenye kitambaa.

"Nidai, dada," mkaapweke alisema. "Nidai chochote. Nina deni lako."

"Unalo, ndiyo. Lakini sikudai, Kiranja, na sitalipokea. Nikilipokea tutakuwa tumelipana, na wewe utapanda kilima ukiwa mwepesi." Alitazama saa ya ukutani. "Nenda kapige kengele. Mama hulala akiisikia. Ni jambo moja unalomfanyia, na usimcheleweshe."

Alivaa viatu uani. Hakuna aliyemsindikiza.

Kesho yake mkaapweke aling'oa kitasa na kufuli mlangoni, akavitupa shimoni nyuma ya bustani. Ule ua wa upande wa mji hakuukata. Katika mbegu zake alichagua zilizo bora, zenye rangi moja, akatunga rozari imara kuliko zote alizowahi kutunga, na adhuhuri, Bikira aliposhuka na kukunja mikono ya kanzu, alimtundikia mkononi.

"Mpelekee dada," alisema. "Mwambie si malipo."

Bikira alikwenda nayo. Mkaapweke alisimama kando kumpisha, kisha akapiga magoti mbele ya shubaka tupu na kusali rozari yake mpaka mwisho, mafumbo yote, bila kupata neno hata moja la kuongeza. Hakusikia kijiko. Kijiko hakikuwa na haja ya kugongwa.

Jioni Bikira alirudi. Alijipangusa miguu kwenye gunia, wa kulia kisha wa kushoto, akaiweka ile rozari mezani kando ya koleo, ikiwa kavu na haijaguswa, akapanda mahali pake. Mkaapweke aliitazama, akaitundika msumarini pamoja na zile za kuuzwa. Kisha akatoka kupiga kengele, na siku hiyo hakuchelewa.